Vibano vya Skii za Kupandia na Kuteremkia: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Kosa ni lile lile kila msimu. Mtu anasoma kwamba kibano fulani kina gramu 300 tu, anafurahi, anakinunua, kisha anagundua buti lake halina vishimo vya kushikwa na pini. Mwingine anachukua kizito kuliko vyote kwa sababu kinaonekana imara, anapanda nacho mara mbili, mara ya tatu skii zinabaki stoo. Wa tatu amenunua sawasawa kabisa, lakini amefungiwa kwa kukadiria kwa jicho, na buti linachomoka kwenye kona ya kwanza.

Wote watatu walianzia mwisho. Kibano huchaguliwa cha tatu. Kwanza buti, pili namna unavyoutumia mlima, ndipo kibano. Ukishika mpangilio huo, orodha ndefu inapungua hadi vibano vinne au vitano, na hapo hata ukikosea hutakosea sana.

Kwa aliye mgeni kabisa: kibano, ambacho wengine huita baindingi, ndicho kinachoshika buti kwenye skii. Cha skii za kawaida hushika ncha na kisigino muda wote, kwa kuwa lifti ndiyo inayokupandisha. Cha kupandia kina kazi mbili zinazovutana. Unapopanda, kinaachia kisigino kiinuke kwa kila hatua huku ngozi za kupandia (mikanda inayobandikwa chini ya skii) zikikamata theluji. Unapoteremka, kinafunga kisigino, na ukianguka kinatakiwa kikuachie kabla mguu haujavunjika. Kila tofauti utakayoiona kati ya kibano na kibano inatokana na jinsi mtengenezaji alivyosuluhisha mvutano huo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mabuti yako mwenyewe. Si ya rafiki mwenye saizi kama yako.
- Skii utakazofungia, au angalau uzito wake na upana wa kiuno chake (pale katikati palipo pembamba zaidi) kwa milimita.
- Urefu wa soli ya buti kwa milimita. Huwa umechongwa ubavuni mwa ganda, karibu na kisigino, kwa tarakimu tatu kama 297 au 315. Huo si saizi ya kiatu: mabuti mawili ya saizi moja yanaweza kupishana milimita 10 na zaidi.
- Uzito wako, kimo chako na umri wako. Uzito wa leo, tafadhali, si ule wa siku ya harusi.
- Kitabu cha maelekezo cha kila kibano unachokifikiria. Watengenezaji huviweka kwenye intaneti.
- Rula ya chuma au kalipa, tochi ndogo, na bisibisi ya msalaba ya Pozidriv namba 3. Bisibisi ya msalaba ya kawaida huteleza na kula vichwa vya skrubu.

Hatua ya 1: Geuza buti, lisome

Weka buti juu ya meza, soli ikitazama juu. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni vishimo viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ncha ya buti, mahali ambapo kidole gumba na kidole kidogo cha mguu vingefika. Pini za kibano huingia humo. La pili ni bamba la chuma kwenye kisigino lenye mifereji miwili ya wima. Hiyo hupokea pini mbili za nyuma. Buti lenye vyote viwili linakubali vibano vya pini. Lisilo navyo halikubali, na hakuna fundi atakayekuwekea baadaye, kwa sababu chuma hicho huwekwa ganda likiwa bado linatengenezwa.

La tatu ni ukingo wa soli, yaani ule mdomo unaojitokeza mbele na nyuma. Buti la kawaida la skii lina kingo nene, bapa, za plastiki ngumu. Kiwango chake ni ISO 5355. Buti la kupandia lina soli ya raba iliyopinda kidogo ili utembee, kwa kiwango cha ISO 9523. Katikati kuna soli za GripWalk, zenye kiwango chake, ISO 23223. Mabuti mepesi sana ya mashindano hayana ukingo kabisa, hasa mbele. Hayo yanaingia kwenye vibano vya pini tupu na si kwingine, kwa kuwa kibano kinachobana ukingo wa kisigino au wa ncha hakina cha kubana.

Mulika ndani ya vishimo kwa tochi. Chuma kilicholika na kuwa na umbo la yai badala ya duara hakikamati vizuri, na kibano kipya hakitaliponya buti la namna hiyo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja: "Buti langu lina vishimo vya pini, soli yake ni ISO 9523, lina ukingo wa kisigino, urefu wa soli ni milimita 307." Usiende hatua ya pili bila sentensi hiyo. Nasisitiza kwa sababu nusu ya majuto yote huzaliwa hapa.

Hatua ya 2: Hesabu siku zako bila kujipendelea

Chukua karatasi, uandike siku kumi za mwisho ulizokuwa kwenye theluji, au kumi unazozitarajia kweli. Kando ya kila moja andika: ulipanda mita ngapi kwa miguu, na ulipandishwa na lifti mara ngapi.

Hapa watu hujidanganya kwa njia mbili. Kuna anayeota safari za siku sita kutoka kibanda hadi kibanda, ilhali siku nane kati ya kumi yuko kwenye lifti. Na kuna anayejiona mteremkaji hodari anayehitaji kibano kama nanga, wakati kwa kweli anateremka taratibu kwenye theluji laini baada ya saa tatu za kupanda.

Uzito una maana gani hasa? Tuseme kila hatua inakuinua sentimita 15. Kupanda mita 1,000 ni hatua zaidi ya 6,600. Kila hatua inasogeza skii moja, kibano chake na buti. Tofauti ya gramu 500 kwa mguu, ambayo ukiishika dukani inaonekana si kitu, unaisukuma mara 6,600 kabla hujageuka kuteremka. Kwa siku mbili kwa mwaka, vumilia. Kwa siku arobaini, magoti yatakukumbusha.

Lakini wahenga walikwisha sema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kibano chepesi sana hakina mnyumbuliko mwingi. Kibano kizuri cha kuteremkia huruhusu buti lisogee milimita kadhaa linapopata mshtuko, kisha hulirudisha katikati bila kuliachia. Cha pini nyepesi kina nafasi ndogo ya kufanya hivyo. Mshtuko wa theluji ngumu yenye mabonde unafika mguuni moja kwa moja, na wakati mwingine kinaachia usipotaka. Anayeruka majabali au kukimbiza skii pana kwa kasi lazima alipie mnyumbuliko huo kwa gramu.

Maliza hatua hii kwa uwiano: je, lifti ni zaidi ya nusu ya siku zako, kama nusu, au karibu hakuna?

Hatua ya 3: Chagua ukoo wa kibano

Usianze na jina la kampuni. Anza na ukoo. Ziko tano, na uzito nitakaoutaja ni wa kibano kimoja, si wa jozi.

Vibano vya fremu

Hiki ni kibano cha kawaida cha kuteremkia kilichopachikwa juu ya fremu yenye bawaba mbele. Ukipanda, fremu nzima inainuka pamoja na kisigino chako. Ndiyo maana kinachosha hata kuliko uzito wake wa kilo moja au zaidi: kwa kila hatua unakinyanyua karibu chote. Sifa yake kubwa ni kwamba kinapokea mabuti yasiyo na vishimo vya pini. Kama buti lako ni la kawaida, huna mpango wa kununua jingine, na unapanda mara chache kwa mwaka, ndicho chako. Vinginevyo, ruka. Siku hizi hata madukani vimepungua.

Vibano vya pini vyepesi

Mbele pini mbili, nyuma pini mbili, na karibu hakuna kingine. Vya mashindano huwa chini ya gramu 200. Vya safari nyepesi ni gramu 200 hadi 350. Hapa kisigino kinapoinuka, kipande cha nyuma kinabaki kwenye skii, na unachonyanyua ni buti lako tu. Anayepanda sana hawezi kurudi kwenye fremu baada ya kuonja hiki.

Upungufu wake usome vizuri. Vingi havina breki, yaani vimiguu vinavyoshuka kuizuia skii isikimbie ikichomoka. Vingi vina nguvu ya kuachia isiyorekebishika upande mmoja au pande zote, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na kijuma chenye umbo la herufi U ambacho huletwa kwa ugumu mmoja au miwili. Vya mashindano mara nyingi haviwezi kusogezwa nyuma wala mbele, hivyo ukibadilisha buti unatoboa upya.

Vibano vya pini vya matumizi ya kila namna

Gramu 350 hadi 600 hivi, vikiwa na breki. Vinarekebishika kwa urefu wa soli, kwa kuachia kwa pembeni (mguu ukisokotwa) na kuachia kwa mbele (ukianguka kifudifudi). Kampuni za Dynafit, ATK, Plum na Salomon zote zina vyao hapa. Kwa mtu ambaye karibu kila siku yake ni ya kupanda, na anateremka kwa ustaarabu, sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapa. Ningelazimishwa kumchagulia mtu nisiyemwona, ningeweka mkono kwenye ukoo huu.

Jambo moja lieleweke, kwa kuwa halisemwi madukani: katika vibano vingi vya pini, kuachia kwa pembeni hutokea kwenye kisigino, si kwenye ncha. Kipande cha nyuma huzunguka, kisigino kinatoka, kisha pini za mbele zinafunguka. Kibano cha kawaida hufanya kinyume: ncha ndiyo inayoachia kwa pembeni. Hivyo ukisokotwa kwa namna fulani, viwili hivyo havikukingi sawa. Fritschi walitengeneza Vipec na Tecton ili pini za mbele zenyewe ziachie kwa pembeni, na hiyo ndiyo sababu watu wenye historia ya jeraha la goti huviulizia. Hakuna kibano kinachoweza kukuhakikishia goti, lakini ni vizuri kujua unanunua nini.

Pini mbele, mbano nyuma

Ncha inashikwa kwa pini, kisigino kinabanwa kwa taya kama kwenye kibano cha kawaida. Marker Kingpin na Fritschi Tecton ndiyo mifano inayojulikana. Uzito ni kati ya gramu 550 na 800. Kisigino kilichobanwa kinaifanya skii iitike haraka unapoikandamiza, na kwenye theluji ngumu utaisikia tofauti ndani ya mita mia za kwanza. Buti lazima liwe na vishimo vya mbele na ukingo kamili wa kisigino. Rudi kwenye sentensi yako ya hatua ya 1.

Vibano mseto

Unapanda kwa pini, kisha unabadilisha kipande cha mbele kuwa taya na kuteremka kama uko kwenye kibano cha kawaida kabisa. Shift, inayouzwa na Salomon na Atomic, ina karibu gramu 900. Duke PT ya Marker inakuruhusu kuvua sehemu ya taya ya mbele na kuibeba mkobani wakati wa kupanda. CAST nao wana mfumo wao wa kubadilisha kipande cha mbele.

Mseto ni wa mtu mwenye jozi moja ya skii, nusu lifti nusu kupanda, na anayeteremka kwa nguvu. Gharama yake ni uzito na muda: kubadilisha kutoka kupanda kwenda kuteremka huhitaji uvue skii na uiname, na upepo ukivuma kileleni utaona dakika hizo ni ndefu. Pia vina marekebisho zaidi ya kukosewa. Nitarudi hapo kwenye hatua ya 6.

Kipimo cha mwisho cha ukoo: linganisha na skii na buti. Kibano cha gramu 900 juu ya skii ya gramu 1,200 ni mzigo bure. Na kibano cha mashindano juu ya skii pana ya kilo mbili kinaiomba pini ndogo iongoze ubao mkubwa. Vitatu hivyo vitembee pamoja.

Hatua ya 4: Nguvu ya kuachia

Hii ndiyo namba inayoitwa DIN, na ndiyo inayopotosha watu kuliko zote.

Wengi huichukulia kama cheo: namba kubwa, mteremkaji mkubwa. Sivyo. Inaeleza nguvu kiasi gani inahitajika kabla kibano hakijaachia. Ukiiweka chini mno, buti linachomoka unapogeuka tu. Ukiiweka juu mno, mguu ndio unaoachia. Muundi ukivunjika kilomita nyingi kutoka barabarani, hakuna anayekuuliza namba yako ilikuwa ngapi.

Namba haichaguliwi kwa kujisikia. Mafundi hutumia jedwali la kiwango cha ISO 11088, ambalo huuliza mambo matano: uzito, kimo, umri, urefu wa soli, na aina ya mteremkaji, kuanzia mwenye tahadhari hadi mwenye kasi. Ukishajua jinsi yanavyovuta, utaweza kukagua kazi ya fundi:

- Uzito na kimo vikiongezeka, namba hupanda. Vikipishana, jedwali huchukua ile ya chini.
- Soli ndefu hushusha namba. Ni wenzo mrefu zaidi, kwa hiyo nguvu ndogo inatosha kuzungusha mguu.
- Umri wa miaka 50 na zaidi hushusha hatua moja kwenye jedwali. Mtoto wa chini ya miaka 10 vilevile.
- Kasi hupandisha hatua moja au mbili.

Namba yako ikishapatikana, itazame dhidi ya masafa ya kibano. Mara nyingi namba kwenye jina ni kikomo cha juu: Kingpin 10 hurekebishwa kutoka 5 hadi 10, Kingpin 13 kutoka 6 hadi 13. Shift 10 huanzia 4, Shift 13 huanzia 6. Mtu mwenye namba 5 akinunua "13" kwa sababu inasikika kubwa, amenunua kibano ambacho hakiwezi kushuka hadi kwake. Hili huwaumiza zaidi watu wepesi, ambao huuziwa kilichopo.

Tafuta kibano ambacho namba yako inakaa katikati ya masafa, isigusane na mwisho wowote.

Onyo: wenzo wa mbele usifungwe wakati wa kuteremka

Vibano vya pini vina wenzo mbele wenye hali tatu: wazi, kuteremka, na kupanda. Kwenye hali ya kupanda wenzo huvutwa juu zaidi na kuzifunga pini, ili skii isitoke unapogeuka kwenye mteremko mkali. Ukiteremka ukiwa umeuacha hivyo, kuachia kwa pembeni kunakuwa kugumu kupita kiasi, na namba uliyoihangaikia haina kazi tena.

Wapo wapanda milima wanaoufunga kwa makusudi kwenye miteremko ambayo skii ikichomoka ni kifo. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachokibadilisha na nini. Kwa wengine wote, kila unapofika juu iwe desturi: ngozi nje, kisigino ndani, wenzo chini.

Kumbuka pia kwamba unapopanda ukiwa umefunga hivyo, skii hazitakuachia kwa uhakika poromoko la theluji likikukuta, na skii zilizong'ang'ania miguuni humvuta mtu chini. Hakuna kibano kinachotatua hilo. Linatatuliwa kwa kuchagua pa kupita.

Hatua ya 5: Vidogo vinavyosahaulika

Breki. Chagua upana ulio sawa na kiuno cha skii au uliozidi hadi milimita 15. Nyembamba haishuki, pana mno inanasa theluji na skii ya pili. Kama kibano hakina breki, utatumia kamba ya usalama. Kamba inakunusuru skii isikimbie bondeni, lakini ndiyo hiyo hiyo inayokufunga na skii ndani ya poromoko. Nunua yenye kiungo dhaifu kinachokatika kwa nguvu kubwa.

Vinyanyulio vya kisigino. Hivi ni viegemeo unavyoviinua chini ya kisigino mlima ukiwa mkali. Kiwango kimoja cha kati na uwezo wa kukaa bapa vinawatosha wengi. Jaribu kukigeuza kwa fimbo ukiwa umevaa glovu. Kama lazima uiname, utachoka nacho.

Meno ya barafu. Haya ni meno ya chuma ya kushika theluji ngumu. Asubuhi theluji ikiwa imeganda, ngozi pekee haishiki. Hakikisha kibano kina mlango wa kuyapachika, au unauzwa kando. Na upana wa meno ufuate kiuno cha skii.

Tofauti ya kimo kati ya ncha na kisigino. Baadhi ya vibano vya pini huinua kisigino zaidi ya sentimita moja juu ya ncha, kama kiatu cha mchuchumio. Ukitoka kwenye skii za kawaida utajisikia unasukumwa mbele na mapaja yatawaka. Dawa ni bamba la plastiki chini ya kipande cha mbele pamoja na skrubu ndefu zaidi. Uliza kabla ya kutoboa, maana baada ya kutoboa ni kazi mara mbili.

Hatua ya 6: Ufungaji

Nasema wazi: kama hujawahi kutoboa skii, mpe fundi. Lakini simama karibu ukague, na uende na mabuti yako. Fundi anayekubali kufunga bila kuliona buti, mshukuru, chukua skii zako, ondoka.

Mstari wa katikati ya buti uelekeane na alama ya katikati kwenye skii. Usisogeze mbele wala nyuma kwa kusikia tu kwamba wengine husogeza.

Kipimo cha tundu. Skii nyingi zimeandikwa juu yake kipenyo na kina cha tundu. Zisizo na bati la chuma ndani kwa kawaida hutaka biti ya milimita 3.5 au 3.6, zenye bati hutaka 4.1. Kina ni kama milimita 9. Biti lazima iwe na kizuizi cha kina, kwa sababu ikizidi kidogo tu, inatokea upande wa pili, na hapo skii yako mpya imeharibika. Skii ikiwa imewahi kutobolewa, matundu mapya yawe angalau milimita 10 mbali na ya zamani, nayo ya zamani yazibwe.

Tia gundi kila tundu, kisha kaza skrubu kwa mkono. Mashine hukaza kupita kiasi na kung'oa nyuzi ndani ya mbao.

Nafasi ya kisigino. Hapa ndipo penye siri ya vibano vya pini. Kati ya kisigino cha buti na kipande cha nyuma panatakiwa nafasi maalumu, kwa kuwa skii inapopinda, pini za nyuma huteleza ndani na nje ya mifereji. Vingi huhitaji milimita 4 hadi 6. Vingine vina springi ya kusukuma mbele na hutaka buti liguse kabisa. Mara nyingi kwenye boksi huja kipande kidogo cha plastiki cha kupimia. Usikitupe! Nafasi ikiwa ndogo, skii ikipinda buti linasukumwa na kuachia. Ikiwa kubwa, pini zinashika kwa ncha tu na kisigino kinachomoka.

Kwa vibano vyenye taya nyuma, badala ya nafasi kuna kialama cha msukumo wa mbele. Kiwe mahali maelekezo yanaposema. Na kwa mseto wenye bamba linalopanda na kushuka chini ya ncha, kimo cha bamba kipangwe kwa soli yako hasa. Kwa kawaida hupimwa kwa kupitisha karatasi kati ya soli na bamba: ipite ikiwa inakwaruzwa kidogo. Malalamiko mengi niliyosikia kwamba mseto "unachomoka wenyewe" yaliisha baada ya kupanga bamba hilo.

Hatua ya 7: Jaribu mezani, karakanani, kisha kilimani

Mezani. Piga buti kwenye pini za mbele. Unatakiwa usikie mlio mmoja mkali, pande zote mbili kwa pamoja. Vuta wenzo hali ya kupanda, uzungushe buti juu na chini mara kumi. Hilo husafisha uchafu na kuonyesha kama pini zimekaa. Kisha shusha kisigino polepole bila kukandamiza: pini za nyuma zielekee katikati ya mifereji. Zikielekea kando hata milimita mbili, kibano kimefungwa upande. Rudisha.

Karakanani. Omba kipimo cha nguvu ya kuachia kwa mashine, kushoto, kulia na mbele, kwa kila skii. Namba iliyoandikwa kwenye kibano ni makadirio ya springi. Mashine inapima kinachotokea kweli kwa buti lako. Si kila karakana ina adapta ya vibano vya pini, kwa hiyo uliza kabla ya kubeba skii.

Kilimani. Siku ya kwanza chagua mteremko mfupi uliouzoea. Panda dakika kumi, badilisha, teremka, rudia mara tatu. Unachokitafuta: unaingia kwenye pini bila kuhangaika zaidi ya jaribio la pili, kisigino hakijifungi chenyewe unapopanda, unabadilisha ukiwa na glovu, na kwenye kona ya kukandamiza husikii buti likicheza.

Kabla ya kila kuingia, chungulia chini ya wenzo wa mbele. Theluji iliyogandamana chini ya springi huzuia taya zisifunge hadi mwisho. Kwa macho kibano kinaonekana kimefunga, lakini kitaachia kwa mguso. Ichokoe kwa ncha ya fimbo. Vipande vya barafu na tope ndani ya vishimo vya buti vitoe pia. Mimi hubeba kijiti cha mbao mfukoni kwa kazi hiyo, na kimenifaa kuliko vifaa kadhaa vya gharama.

Kibano kikiachia bila sababu, usikimbilie kuongeza namba. Angalia kwa mpangilio huu: barafu chini ya springi, uchafu kwenye vishimo, nafasi ya kisigino, skrubu zilizolegea, kisha kulika kwa chuma cha buti. Namba iwe ya mwisho kuguswa, na uirudie kwenye jedwali, usiipandishe kwa hasira.

Baada ya siku mbili au tatu za kwanza, kagua skrubu zote kwa mkono na upime tena nafasi ya kisigino kwa kile kipande cha plastiki. Ukibadilisha buti, hata kwa toleo jipya la buti lile lile, anza upya kwenye hatua ya 1 na urefu wa soli mkononi.